Asidia wa Antaktiki: Styela au Cnemidocarpa?

Swali: Asidia wangu wa Antaktiki, wale wanyama wa baharini wanaorusha maji, wanafanana mno. Nitatofautishaje jenasi mbili, Styela na Cnemidocarpa?

Jibu: Rangi usiitegemee, hupotea kwenye formalini, kemikali ya kuhifadhia vielelezo. Mlegeze mnyama akiwa hai kwa fuwele za mentholi ndani ya maji baridi ya bahari kwa saa kadhaa, la sivyo atajikunja na viungo vya ndani havitasomeka. Kata kipande cha misuli, kiweke kwenye ethanoli ya asilimia 95 kwa DNA (formalini huiharibu), ndipo umhifadhi mnyama kwenye formalini. Pasua upande wa tumbo, kando ya endostaili (mfereji wa koo upande wa tumbo), uangalie tezi za uzazi. Kwa Cnemidocarpa, korodani na ovari zimo ndani ya utando mmoja. Kwa Styela, korodani zimetawanyika nje ya ovari. Asidia mdogo asiyekomaa hatakuonyesha hilo. Minyiri ya mdomoni ina matawi? Basi hao ni wa familia nyingine, Pyuridae au Molgulidae.