Mgeni Aliyeomba Siku Mbili za Nyongeza

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, napangisha nyumba yangu kwa siku chache chache kupitia tovuti. Mgeni wangu alilipia wiki moja, sasa anaomba aendelee kukaa. Anataka anilipe mkononi ili tusikatwe kamisheni. Ni mtu mstaarabu sana. Nikubali?"

Niliusoma ujumbe ule mara mbili, kisha nikatoka nje kupunga upepo. Maneno hayohayo niliwahi kuambiwa mimi, na niliyakubali huku nacheka.

Jibu langu ni usikubali. Ila najua "usikubali" tupu haimtoshi mtu ambaye hela inamwita, kwa hiyo ngoja nikusimulie.

Nyumba yangu ni ndogo, vyumba viwili, niliyoisotea kwa miaka mingi. Nilipoanza kuipangisha kwa siku chache chache kupitia mtandaoni, miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri, sina la kusimulia hapo. Wageni walikuja, wakalala, wakaondoka, wakaniachia maoni mazuri. Kichwa kikavimba. Nikawa mimi ndiye mshauri wa wenzangu, nawaambia kazi hii ni kumsoma mtu usoni tu.

Ndipo akaja huyu. Namwita Mstaarabu, na sina jina jingine la kumpa. Alilipia siku nne. Alivua viatu mlangoni, akasifia kila kitu mpaka mto wa kochi. Siku ya tatu akaomba mbili zaidi, tukaongeza kwenye tovuti kama kawaida. Kisha akaomba wiki, na safari hii akaniambia kwa upole, "Kwa nini tuwatajirishe watu ambao hata hatuwajui?" Nikaona ana akili. Nikajiona na mimi nina akili. Akanipa hela ya wiki ile mkononi, baadaye ya wiki mbili nyingine. Hatukuandikiana hata karatasi moja.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilimpa funguo za akiba.

Wiki ya tano simu zangu zikawa hazipokelewi. Nikaenda. Akafungua mlango kidogo, mnyororo ukiwa bado umefungwa, akaniuliza kwa sauti ileile ya upole kama nimempa notisi ya maandishi. Notisi! Ndani ya nyumba yangu! Nikawapigia wenye tovuti, wakanijibu kuwa kwao mgeni huyo alishaondoka zamani, na kwa haki kabisa walikuwa sahihi. Askari akasikiliza mpaka mwisho, akasema hilo ni suala la mwenye nyumba na mpangaji wake, niende mahakamani. Neno "mpangaji" ndilo lililonikata maini. Asubuhi nilikuwa na mgeni, mchana nina mpangaji, na hakuna aliyenialika kwenye sherehe ya kumpandisha cheo.

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo lingetakiwa kuwa la kwanza kujua. Sehemu nyingi duniani sheria inaangalia umekaa muda gani, na ukiuvuka mpaka fulani unapata ulinzi wa mpangaji. California mpaka huo kwa kawaida ni siku 30. New York pia, mtu aliyekaa kihalali siku 30 mfululizo hatolewi bila amri ya mahakama. Kwenu inaweza kuwa pungufu au zaidi. Tafuta tarakimu yenyewe kabla hujapokea mgeni mwingine. Na ukishachelewa, usibadilishe kufuli, usikate maji wala umeme, usitoe mabegi yake nje. Nilitamani kuyafanya yote hayo. Wakili akaniambia nikithubutu, mshtakiwa nitakuwa mimi.

Alikaa siku 73. Kesi ikiwa bado changa, akaondoka usiku mmoja mwenyewe, akaniachia godoro lililoungua na ukuta uliochorwa. Mapazia akaenda nayo. Mpaka leo sijaelewa mtu anaiba vipi mapazia. Kamisheni niliyoikwepa isingenunua hata la dirisha la chooni.

Sasa wenzangu, tuambiane ukweli. Tunapenda kulaumu wageni, lakini mlango huu tunaufungua wenyewe kwa tamaa. Malipo yakitoka nje ya tovuti, ulinzi wote unabaki kule. Airbnb, kwa mfano, moja ya tovuti hizi za kupangisha, wana mpango unaoitwa AirCover wa kufidia uharibifu, lakini ni kwa nafasi iliyowekwa na kulipiwa kwao, na dai linatakiwa liingie ndani ya siku 14 baada ya mgeni kuondoka. Bila picha huna dai. Mimi sasa napiga video nyumba nzima kabla ya kila mgeni, nafungua hadi droo, na mapazia nayapiga moja moja. Nichekeni.

Bima ya kawaida ya nyumba nayo isome vizuri, nyingi hazifidii nyumba iliyogeuzwa biashara. Kufuli la namba ni zuri, kila mgeni na namba yake inayokufa siku ya kuondoka, ila halimtoi mtu aliyeko ndani. Kamera za ndani sahau: ni kumchungulia mtu alikolala, na Airbnb walizipiga marufuku kuanzia tarehe 30 Aprili 2024, hata sebuleni. Ya mlangoni inaruhusiwa ukiitaja kwenye tangazo. Kwa wanaoogopa sherehe kuna vifaa vinavyopima ukubwa wa kelele bila kurekodi mazungumzo. Mimi sikuwahi kupata mgeni wa sherehe, kwa hiyo hapo sijifanyi bingwa.

Kanuni yangu kubwa ni moja tu: nyongeza zote kwenye tovuti, na hakuna anayekaribia mpaka wa kisheria bila mkataba wa maandishi, amana, na nakala ya kitambulisho. Anayetaka muda mrefu namkaribisha kama mpangaji, kwa masharti ya mpangaji, tangu siku ya kwanza. Wapo wanaosema nimekuwa mgumu, kwamba zamani nilikuwa mcheshi na mlango wangu ulikuwa wazi. Ni kweli. Ucheshi ule ulinigharimu siku 73.

Kwa hiyo wewe uliyeniandikia: ustaarabu wake usiupime, hata wangu alivua viatu. Hesabu siku. Amelala hapo usiku wa ngapi leo, na umebakiza mingapi kufika mpaka wa kwenu? Nijibu hilo kabla hujamjibu yeye.