Maswali ya Wasomaji: Niingie Jeshi Lipi la Marekani?

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni binti wa miaka 22, mzaliwa wa Nakuru, nami niliingia Marekani pamoja na wazazi wangu tulipopata kadi ya kijani. Sijawa raia bado. Ninafanya kazi ya kuwatunza wazee katika makao yao hapa Texas, na nia yangu ni kuwa muuguzi, lakini karo ya chuo imetushinda. Nimeamua kujiandikisha jeshini. Afisa wa uandikishaji wa Jeshi la Nchi Kavu anasema kwake ndiko kwenye nafasi nyingi. Wa Jeshi la Majini anasema watu wake wa tiba hukaa melini na hospitalini, mbali na mapigano. Na rafiki yangu ananivuta kwenye Jeshi la Anga kwa kuwa maisha ya huko ni mepesi. Mama hataki kabisa kusikia habari za vita. Nichague lipi?
Binti wa Nakuru, Texas

JIBU: Binti yetu, hao watatu wamekueleza mengi, lakini hakuna aliyegusa jambo ambalo kwa hali yako linatangulia yote, nalo ni kwamba hujawa raia. Sheria inamruhusu mwenye kadi ya kijani kuwa askari wa kawaida, lakini kwa kawaida haimruhusu kuwa afisa, na wauguzi kamili katika majeshi yote matatu uliyoyataja ni maafisa wenye shahada. Kwa hiyo hakuna jeshi litakalokupokea leo kuwa muuguzi wa namna unayoitamani. Utaingia kuwa askari wa fani ya tiba, utapata uraia, utasoma, ndipo utakapoomba uafisa. Kazi iliyobaki ni kutafuta jeshi litakaloirahisisha njia hiyo na kukubali kuiandika.

Hapo ndipo majeshi yanapotofautiana sana, na tofauti hiyo haionekani katika mabango ya matangazo. Jeshi la Nchi Kavu hutaja fani yako kwa jina katika mkataba kabla hujaondoka nyumbani, mradi alama zako za ASVAB, mtihani wa kupima uwezo wa wanaotaka kuingia jeshini, zinaruhusu na nafasi ipo. Jeshi la Anga linaweza kukupa kazi yenye jina, lakini pia huwaandikisha vijana wengi chini ya kundi pana la kazi, mmoja akajua atafanya nini baada ya kwisha kuondoka. Marines, jeshi la mapigano lililo chini ya wizara moja na Jeshi la Majini, huandikisha kwa mafungu ya kazi. Kama unakwenda jeshini kwa ajili ya taaluma moja, kama ulivyo wewe, ahadi isiyotaja taaluma hiyo haikufai hata ikitoka kwa afisa mwungwana kiasi gani, kwa sababu linalokushika wewe na serikali ni lile lililoandikwa na kutiwa sahihi.

Kuhusu mafunzo yenyewe, huenda ukashangaa kusikia kwamba askari wa tiba wa majeshi yote matatu husomea mahali pamoja, katika kambi ya Fort Sam Houston, San Antonio, huko huko Texas. Kinachowatenganisha ni wanakopelekwa baadaye. Askari wa fani ya 68W ya Jeshi la Nchi Kavu hufundishwa huduma ya dharura, kufunga jeraha linalovuja damu na kumtuliza aliyeumia hadi afike kwa daktari, na wengi wao hupangwa pamoja na askari wa mapigano. Ni kazi ya heshima kubwa, lakini haifanani sana na uuguzi wa wodini unaoujua. Iliyo karibu zaidi na moyo wako ni fani ya 68C, ambayo mafunzo yake huchukua karibu mwaka mzima na humwandaa askari kupata leseni ya uuguzi wa ngazi ya vitendo, leseni inayotambulika hata uraiani. Nafasi zake ni chache. Iulizie kwa jina, na kama haipo mwezi huu, uliza itafunguliwa lini.

Afisa wa Jeshi la Majini alikuambia kweli, ila hakuimaliza. Marines hawana watu wao wa tiba. Wanaowatibu, kambini na vitani, ni askari wa tiba wa Jeshi la Majini, ambao hupewa mafunzo ya ziada Camp Lejeune au Camp Pendleton kisha huongozana na Marines nchi kavu wakibeba mizigo ileile na kulala kwenye mahandaki yaleyale. Binti anayeingia Jeshi la Majini kwa kukwepa uwanja wa vita anaweza kujikuta karibu nao kuliko mwenzake wa Jeshi la Nchi Kavu aliyepangiwa hospitali kubwa. Ninakueleza hili kwa uzito kwa sababu ya mama yako. Asiambiwe kwamba kuna jeshi lisilokwenda vitani. Aelezwe ukweli, na uamuzi wako uweze kusimama mbele ya ukweli huo.

Jeshi la Anga, ninakubaliana na rafiki yako, linasifika kwa makazi mazuri, na mafunzo yake ya ukurutu ni mafupi, majuma saba na nusu, yakilinganishwa na majuma kumi ya Jeshi la Nchi Kavu na kumi na matatu ya Marines. Lakini kazi zake nyingi zinahitaji kibali cha kushika siri za serikali, na kibali hicho hapewi asiye raia. Mtake afisa wao akuonyeshe orodha ya kazi zilizo wazi kwa mwenye kadi ya kijani, na uone kama za tiba zimo. Walinzi wa Pwani ni jeshi dogo, na Jeshi la Anga za Juu kwa sasa usilifikirie.

Nirudi kwenye uraia, kwa maana hapa wengi wetu hupoteza muda. Kwa amri aliyoitoa Rais George W. Bush mwaka 2002, kipindi kilichoanza tarehe 11 Septemba 2001 kinahesabiwa kuwa cha mapambano, na anayetumikia kwa heshima katika kipindi hicho anaweza kuomba uraia bila kungoja ile miaka mitano ya kawaida na bila kulipa ada. Fomu N-426 huthibitishwa na jeshi kuonyesha kwamba unatumikia kwa heshima, na N-400 ndiyo ya maombi yenyewe. Anza kuziulizia mapema, tena kwa adabu na bila kuchoka, kwa maana hakuna atakayekufanyia haraka jambo ambalo hujaliomba. Fahamu pia kwamba uraia uliopatikana kwa njia hii unaweza kubatilishwa iwapo askari ataondolewa kwa namna isiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi.

Kwa upande wa nyumbani, Katiba ya Kenya ya 2010 haimnyang'anyi uraia mzaliwa wa Kenya anayechukua wa nchi nyingine, ingawa inakataza askari wa majeshi ya ulinzi ya Kenya kuwa na uraia wa nchi mbili. Msomaji wa Tanzania aliye katika hali kama hii ajue kwamba sheria ya kwao ni nyingine, na mtu mzima anayechukua uraia wa nje kwa hiari huupoteza wa Tanzania.

Kuhusu karo, utumishi wa miezi 36 katika jeshi la kudumu hukupa haki kamili ya mpango wa elimu wa GI Bill, ambao hulipia masomo ya chuo kikuu cha umma kwa kiwango cha wakazi wa jimbo, pamoja na posho ya nyumba na vitabu, kwa miezi 36. Gadi ya Taifa, inayokutaka wikendi moja kwa mwezi na takriban majuma mawili kwa mwaka, haikufikishi hapo upesi, nayo pia hutumwa vitani. Zaidi ya hayo, Jeshi la Nchi Kavu lina mpango wa kumsomesha askari shahada ya uuguzi ili awe afisa. Na jeshi lolote utakaloingia, wajibu wako kisheria ni wa miaka minane kwa jumla, hata kama ile ya utumishi wa kila siku ni mitatu au minne.

Ushauri wangu, basi, ni Jeshi la Nchi Kavu, utumishi wa kudumu, fani ya 68C ikiwa imeandikwa. Ikikosekana na ukahimizwa kuchukua chochote kilichopo, rudi nyumbani ungoje. Una miaka 22 na una kazi. Afisa ndiye mwenye haraka ya kutimiza idadi ya mwezi.

SWALI: Mwanangu wa kiume ametia sahihi na Jeshi la Anga, lakini mkataba wake unataja kundi la kazi za ufundi mitambo tu. Hajaondoka. Sasa anataka Jeshi la Majini. Ameambiwa kwamba akijitoa atashtakiwa. Je, ni kweli?
Baba, Ohio

JIBU: Si kweli, ndugu yetu. Kijana aliyekula kiapo cha kwanza huwa katika orodha ya wanaosubiri kuondoka, na kabla ya siku ya safari, ambapo hula kiapo cha pili, anaweza kuomba kuondolewa bila adhabu. Aandike barua fupi yenye tarehe, aeleze kwamba amebadili nia, aipeleke kwa mkuu wa ofisi ya uandikishaji, na abaki na nakala. Mkuu huyo anaweza kumsihi abaki, lakini hana mamlaka ya kumlazimisha. Jeshi la Majini litahitaji uthibitisho kwamba ameondolewa huko kabla ya kumwandikisha, kwa hiyo asitie sahihi mahali pawili kwa wakati mmoja. Na safari hii, ausome mkataba ukiwa umekaa naye, mkitafuta jina la kazi.