Kiyoyozi kipo, mbona vitabu vinaota ukungu?

Ndugu yangu, umesema maktaba yenu hapo Unguja huwasha kiyoyozi mchana tu, na bado misahafu ya zamani inaota ukungu. Mimi nahisi tatizo ni hiyo "mchana tu". Jioni mkizima, hewa ya nje yenye joto na maji mengi inaingia, inakutana na karatasi na kuta zilizopoa, unyevu unapanda ghafla. Bora hali moja isiyoyumba kuliko baridi ya kupokezana na joto.

Kipimajoto peke yake hakitakwambia hili. Nunua kidude kinachopima joto na unyevu, hasa kile kinachohifadhi kumbukumbu usiku kucha. Unyevu ukikaa juu ya asilimia 65 kwa muda, ukungu una nafasi, na masika ya pwani hupita 80.

Usikiamini kabla ya kukijaribu. Weka chumvi ya jikoni kwenye kifuniko cha soda, dondoshea maji kidogo iwe kama uji mzito, kifunge pamoja na kidude hicho kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa hadi kesho yake. Kisome kingali ndani ya mfuko: kinatakiwa kuonyesha unyevu wa asilimia 75. Cha kwangu kilionyesha 69, kwa hiyo naongeza 6 kila nikisoma.

Kiweke nyuma ya rafu, upande wa ukuta wa nje, siyo mbele ya kiyoyozi. Na rafu zenyewe zisogezeni kidogo kutoka ukutani.

Vitabu vilivyokwisha kuota ukungu, tafadhali, msifute kwa kitambaa kibichi.