Mhasibu anasoma folda ya seva lakini hawezi kuhifadhi: anza kukagua hapa

Mkuu, umesema mhasibu wenu mpya anaingia kwenye folda ya Uhasibu iliyo kwenye seva na anasoma kila kitu, ila akihifadhi anaambiwa hana ruhusa. Umeshampa Full Control (ruhusa kamili), ukakaa kwenye seva ukajaribu mwenyewe, ikakubali. Usiongeze tiki nyingine kwanza. Nimetunza seva za ofisi ndogo ndogo hapa Dar miaka mingi, na kazi kubwa huwa ni kufumua tiki zilizowekwa kwa hasira.

Kwa dalili hizo ningeanzia kwenye kushea. Folda ya Windows iliyoshewa ina ruhusa za aina mbili: za kichupo cha Security, ambazo zinakaa kwenye diski, na za kichupo cha Sharing, ambazo zinamhusu tu anayeingia kwa mtandao. Ni kama geti na mlango: ukiwa na ufunguo wa chumbani halafu mlinzi wa getini akakukatalia, utalala nje. Seva inatazama aina zote mbili na kufuata ile inayobana zaidi. Sasa, ukishea folda kupitia Advanced Sharing, Windows inampa Everyone (yaani watu wote) kusoma tu. Ndiyo maana anasoma. Wewe ulipokaa kwenye seva ulipita diski ya D:\ moja kwa moja, ruhusa za kushea hazikukugusa, kwa hiyo lile jaribio lako halikupima kitu. Jaribu kwenye mashine yake, kwa jina lake.

Upande wa Sharing mpe Authenticated Users (kila aliyeingia kwa jina na nywila) ruhusa ya Change, yaani kusoma na kuandika, halafu kubana kote kufanyike Security. Ukibana sehemu zote mbili, atakayekurithi kazi atakulaani.

Kama bado inagoma, uliza seva inamwona yeye kuwa ni nani. Hapa ndipo watu wanapotea. Kwenye ofisi isiyo na domeni (mfumo wa seva kusimamia majina na nywila za wote kutoka sehemu moja), mfanyakazi mpya hupewa kompyuta ya aliyeondoka, na nywila ya yule wa zamani bado imehifadhiwa ndani ya Credential Manager, sehemu ya Windows inayotunza nywila. Mhasibu anabofya folda, seva inampokea kwa jina la mtu mwingine, na wewe unaendelea kumwongezea ruhusa mtu ambaye kwa seva hajawahi kubisha hodi. Fungua dirisha la amri kwenye seva kama msimamizi, andika net session, uone jina lililounganishwa kutoka mashine yake. Likiwa si lake, futa lile lililohifadhiwa kwenye Credential Manager, andika net use * /delete kwenye mashine yake, atoke na kuingia upya. Ukikutana na kosa namba 1219, maana yake ni hiyo hiyo: Windows haikubali mtu mmoja aingie seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja.

Kama mna domeni na ulimwingiza kwenye kundi la Uhasibu leo wakati yeye yuko ndani tangu asubuhi, kompyuta yake haijui habari hizo. Orodha ya makundi husomwa mtu anapoingia. Kufunga skrini na kuifungua hakutoshi, atoke kabisa. Akirudi, amri ya whoami /groups kwenye mashine yake itaonyesha kama kundi limemfikia.

Umegusia pia kwamba faili moja moja ndani ya folda hiyo zinakataa watu wote isipokuwa bosi. Bila shaka kuna mtu alizivuta kutoka folda ya bosi. Faili likihamishwa ndani ya diski ile ile linakwenda na ruhusa zake za zamani. Likinakiliwa linachukua za folda mpya. Dawa ni amri ya kurudisha ruhusa za folda, icacls D:\Uhasibu\* /reset /t /c, lakini itafuta na ruhusa maalum mlizoweka kwa makusudi kwenye folda za ndani, mishahara kwa mfano. Hifadhi zilizopo kwanza kwa icacls D:\Uhasibu /save C:\ruhusa.txt /t.

Na hiyo Full Control uiondoe. Mpe Modify (kusoma, kuandika na kufuta), tena kwa kundi, si kwa jina lake. Full Control inamruhusu kubadilisha ruhusa zenyewe, jambo ambalo mhasibu halihitaji. Ila usishuke hadi Write pekee: Word na Excel zikihifadhi hutengeneza faili la muda, kisha huondoa la zamani na kubadili jina, hivyo asiye na ruhusa ya kufuta ataona makosa ya ajabu ajabu. Tiki ya Deny (kukataza) usiiguse. Mtu akiwa kwenye makundi mawili, Deny ya kundi moja inameza ruhusa ya jingine, na utatafuta sababu hadi jioni.

Ikigoma baada ya hapo, tuma matokeo ya icacls ya folda hiyo pamoja na ya net session. Majina ya watu yafute kwanza.