Miguu ukutani umeme ukikatika

Ninafundisha shule ya msingi Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na ninaishi upande wa Nyawera, kwa hiyo miguu yangu huwa imekwisha kupanda mlima kabla sijashika chaki. Jioni moja nilifuata kwenye simu mazoezi ya yoga, yale yenye asili ya India ya kunyoosha viungo na kupumua taratibu, nikauvuta mguu kama alivyofanya yule dada wa kwenye video, na kwa siku mbili sikuweza kuinama kufunga viatu.

Baadaye nilijifunza kwamba ipo yoga ya kupumzika tu, isiyodai jasho wala viungo laini. B.K.S. Iyengar, mwalimu wa Pune nchini India, ndiye aliyezoesha watu kuegemeza mwili kwa mito, mablanketi na viti, na mwanafunzi wake Mmarekani, Judith Hanson Lasater, akaieneza namna hii ya utulivu. Ukihisi msuli unavutika, ujue umekosea: ongeza kitu cha kuegemea. Mimi hutumia mkeka, blanketi mbili, mto na vikwembe (vitenge) viwili vya zamani. Soksi ni lazima, kwa sababu Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mwili uliotulia juu ya saruji hupoa upesi.

Mkao ninaoupenda ni wa miguu ukutani. Keti ubavu ukigusa ukuta, kisha jigeuze ulale chali huku ukiinua miguu. Usijivute kwa nguvu. Blanketi lililokunjwa likae chini ya kiuno, na kikwembe chini ya kichwa, ili kidevu kisielekee juu. Nyuma ya mapaja pakivutika, sogea mbali na ukuta kiasi cha shibiri moja au mbili, au kunja magoti kidogo. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, uitoe ukihesabu hadi 6, kwa maana pumzi inayotoka taratibu ndiyo inayoyapunguza mapigo ya moyo. Nilianza na dakika 5, sasa hufika 15. Miguu ikifa ganzi, huishusha bila kungoja. Siku ambazo ukuta umelowa kwa mvua, hulala tu chali na blanketi lililoviringishwa chini ya magoti, na hiyo pia inatosha.

Mwenye presha ya damu isiyotulia, au ugonjwa wa macho wa glakoma, amwulize daktari kabla ya kuinua miguu. Mama mjamzito, tumbo likishakua, asilale chali kwa muda mrefu. Alale ubavu, mto ukiwa katikati ya magoti.

Kanisani wapo walioniuliza kama nimeingia dini nyingine. Nilijibu kwamba ninalala chini na kupumua, na anayetaka kusali wakati huo asali, nami mara nyingi husali.

Saa yangu ni ile ya umeme kukatika, maana hapo hakuna wa kuniita nije kutazama televisheni. Mara ya kwanza mtoto wangu alisimama mlangoni na tochi, akauliza, "Mama, uko mgonjwa?" Niliruka kumjibu, nikapata kizunguzungu. Kwa hiyo kengele ya simu ikilia, kunja magoti, geukia ubavu wa kulia, kaa hapo pumzi kadhaa, kisha jisukume kwa mkono, kichwa kikiwa cha mwisho kuinuka.