Wamepoteza mara 121, mbona hawashuki daraja?

SWALI: Barazani kwetu Shela, Malindi, tunabishana. Chicago White Sox, timu ya besiboli ya Marekani, walipoteza mechi 121 kati ya 162 mwaka 2024. Mbona hawakushushwa daraja?

JIBU: Ligi Kuu ya besiboli Marekani haina kushuka daraja; anayeburura mkia hubaki palepale. Ugonjwa wao mkubwa ulikuwa kupiga: mikimbio (pointi za besiboli) 507 tu, wakaruhusu 813. Jaribuni hesabu hii ya kukadiria ushindi waliostahili: zidisheni 507 kwa 507, na 813 kwa 813. Gawanyeni jibu la kwanza kwa jumla ya yote mawili, kisha mzidishe kwa 162. Mtapata ushindi 45 hivi. Wao walipata 41, basi mkosi ulikuwepo, ila kidogo. Wala hawakufidiwa chipukizi bora: kanuni za bahati nasibu inayopanga timu ipi ianze kuchagua wachezaji wapya ziliwabana, wakawa wa 10 kuchagua mwaka 2025.