Polisi wakisema "fungua", nikifungua nimekubali?

SWALI: Wakili shikamoo. Juzi usiku huku Kisauni polisi waligonga, hawana waranti, mmoja akasema fungua au tuvunje, basi nikafungua wakapekua hadi kabati la nguo za mama watoto. Sasa wanasema eti niliwaruhusu mwenyewe. Ni kweli? – Baba Mwanaisha

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Kufungua mlango kwa woga si ridhaa, hapo umetii tu. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, inakulinda usipekuliwe ovyo wewe, nyumba yako wala mali yako, na kwa kawaida polisi wanatakiwa wapate waranti kortini kwanza, ingawa sheria inawaachia mwanya kukiwa na dharura ya kweli, mfano ushahidi utapotea wakingoja. Ridhaa lazima itoke moyoni, na korti itaangalia mambo yote, walikuwa wangapi, wana bunduki, saa ngapi, walikwambiaje. Marekani nako, kwenye kesi ya Schneckloth ya 1973, majaji wa Mahakama ya Juu walisema hivyo hivyo ila wakaongeza kuwa polisi halazimiki kukwambia unaweza kukataa (hapo mie sikubaliani nao kabisa).

Siku nyingine sema kwa upole, "afande, sijaruhusu", majirani wasikie, lakini usimzuie kwa mwili maana utaongezewa kesi. Wakikushtaki, wakili wako atumie kifungu cha 50(4) cha Katiba hiyo kuomba ushahidi huo utupwe. Na malalamiko peleka IPOA, ile mamlaka huru inayochunguza makosa ya polisi, ni bure.